Shajara ya mradi: mbwa wa kufuata harufu, Rongai

Februari, wiki ya pili

Mbwa wote wawili wamefika na banda limekwisha kuezekwa. Nyota ni jike wa German Shepherd, mwepesi wa mwili, masikio hayatulii. Komando ni dume chotara mwenye damu ya Labrador, kifua kipana, na kwake chakula kinatangulia kila kitu. Afande alifurahi kusikia hivyo. Mbwa asiyetamani kitu hafundishiki, alisema, maana huna cha kumlipa.

Niandike tunachotafuta ili kila mmoja wetu akishikilie. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa huku Rongai, magharibi mwa jiji la Nakuru, wamechoka kuibiwa. Mtu analala ana ng'ombe, anaamka ana kamba iliyokatwa. Polisi wana kikosi chao cha mbwa, na aliyewahi kukiona kazini anajua kinavyoweza kuigeuza kesi, lakini mbwa hao wanahitajika kila mahali na harufu haimngoji mtu. Basi wafugaji wakachanga pesa za chakula na chanjo. Afande, aliyestaafu akiwa sajini baada ya kuongoza mbwa miaka mingi, akakubali kufundisha. Na tukapata vijana wawili wa kushika kamba, kijana wa Bahati na binti wa Njoro aliyesomea afya ya mifugo. Mimi ni wa daftari.

Mipaka tumeiweka mapema. Hatukamati mtu, hatupekui boma la mtu, hatumhoji mtu. Polisi wakituita tunakwenda nao na kufuata amri yao. Wasipotuita, tunabaki na mazoezi yetu.

Afande alitoa sharti moja kabla ya kukubali: kila zoezi liandikwe siku hiyo hiyo, lililofaulu na lililoshindwa, na ukurasa usichanwe. Sababu yake inatoka mahakamani. Mwaka 1967, katika kesi ya Omondi na mwenzake dhidi ya Jamhuri, mahakama ilionya kwamba ushahidi wa mbwa upokelewe kwa tahadhari na ukipokelewa upimwe kwa uangalifu mkubwa. Kabla ya kuupokea, mahakama iulize mbwa alifunzwa vipi na anategemeka kiasi gani. Kusema kwamba mbwa huyu amewahi kukamatisha watu elfu moja hakutoshi. Lazima ionyeshwe wazi kwamba amefuata harufu tena na tena, bila kuiacha, katika ardhi ngumu. Afande ameshasimama kwenye kizimba cha mashahidi na kuulizwa maswali ya namna hiyo na wakili. Mbwa hawezi kuapa. Anayeapa ni aliyeshika kamba, na asipokuwa na maandishi, anabaki na kumbukumbu yake tu.

Kwa hiyo daftari letu lina sehemu hizi: saa nyayo zilipowekwa, saa mbwa alipoanzishwa, umbali, aina ya udongo, upepo, joto, nani aliziweka nyayo, nani alijua zinakoelekea, mbwa alifanya nini, na mwongozaji alifanya nini. Vijana waliona mbili za mwisho zingeweza kuwa moja. Afande akakataa katakata.

Februari, mwishoni

Wiki nzima tumeshinda tukisoma pua. Binti ndiye aliyefundisha, na alifundisha vizuri. Mtu ana vipokezi vya harufu kama milioni 5 au 6. Mbwa, kulingana na jamii yake, ana zaidi ya milioni 100, na Bloodhound anatajwa kufika milioni 300. Lakini tarakimu hizo hazikunishika kama jinsi hewa inavyopita. Mbwa akivuta pumzi, sehemu ya hewa inakwenda mapafuni na sehemu inachepuka hadi nyuma kabisa ya pua, kwenye chumba cha kunusia. Akiitoa, inatokea kwenye mipasuko ya kando ya pua, hivyo haiifukuzi harufu iliyo mbele yake. Nililala kifudifudi kwenye vumbi karibu na Nyota nikaliona kwa macho yangu: vumbi lilikuwa likiruka kushoto na kulia, mbele ya pua limetulia tuli.

Na anachofuata si kitu kimoja. Mtu anapotembea anadondosha chembe za ngozi zisizoonekana, na papo hapo anakanyaga majani na kuvuruga udongo. Chembe hupeperuka, hujikusanya kwenye mitaro na chini ya nyua. Majani yaliyopondwa hubaki palepale mguu ulipokanyaga. Ndiyo maana mbwa mzuri anaweza kwenda hatua kadhaa pembeni ya nyayo halisi na bado akawa sahihi. Mwongozaji asiyelijua hilo atamvuta kamba kumrudisha kwenye nyayo, na akimvuta ameshaharibu.

Jambo la mwelekeo lilizua mabishano marefu. Mbwa akikuta nyayo katikati, anajuaje mtu alikwenda kulia au kushoto? Hepper na Wells wa Queen's University, Belfast, walichapisha utafiti mwaka 2005: mbwa waliopewa nyayo tano waliweza kutambua mwelekeo, waliopewa tatu hawakuweza. Tofauti kati ya unyayo wa kwanza na wa tano ni sekunde chache tu za kuchakaa kwa harufu, na pua inaisoma.

Tukajaribu kwenye mabua ya ngano. Afande alipita, baadaye binti akamleta Nyota kutokea ubavuni ili azikate nyayo katikati. Alipozifikia aligeuka kulia. Akaenda kidogo, shingo ikashuka, mkia ukakaza. Akasimama. Hakuna aliyesema neno. Akageuka mwenyewe, akarudi alikotoka, akapita pale alipoanzia na kuvuta kamba kwenda kushoto kwa nguvu hadi binti akalazimika kukimbia. Afande alikuwa amekwenda kushoto. Nimeandika kila kitu, pamoja na kule kulia.

Machi, mwanzoni

Mkutano na wafugaji. Nauona kuwa na faida kuliko mazoezi yetu yote ya mwezi huu, kwa sababu kesi nyingi za mbwa huharibika kabla mbwa hajashuka garini. Ng'ombe akiibiwa, nduru inapigwa, majirani wote wanaingia zizini kuona, watoto wanakanyaga, mtu anaokota ile kamba iliyokatwa na kuizungusha mikono kumi. Hapo mbwa analetwa aanze na nani?

Afande alieleza polepole. Usiingie zizini. Ukiona alama ya mguu usiyoijua, ifunike kwa karai au beseni, usiiguse. Kamba, kofia, kandambili, chochote kilichoachwa, kisiokotwe. Mbwa wako wafunge. Kumbuka ni nani na nani aliyepita hapo, ili wao waondolewe kwenye hesabu. Sisi tukifika, kitu cha kunusisha tunakipangusa kwa kitambaa safi cha hospitali na kukihifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, si mfuko wa plastiki uliobeba mandazi jana.

Mama mmoja akauliza, "Sasa Afande, nikiamka nikute ng'ombe hayuko, nisipige nduru?"

"Piga, mama. Lakini wakija, wasimame nje ya lango."

Mzee mwingine aliuliza kwa nini mbwa asimfuate mwizi hadi mjini Nakuru, mtaa kwa mtaa. Afande akamsimulia habari za London mwaka 1888, wakati muuaji wa Whitechapel anasakwa. Mkuu wa polisi, Sir Charles Warren, alijaribu Bloodhound wawili, Barnaby na Burgho, katika bustani ya Hyde Park, na mwenyewe akajitolea kufuatwa. Bustanini mbwa walionyesha uwezo. Muuaji hakupatikana hata hivyo, na mbwa hawakupata kumfuata kamwe. Mtaa unaokanyagwa na maelfu ya watu kila saa, juu ya mawe au lami, si mahali pa kumwahidi mtu muujiza. Hata sasa ni vivyo hivyo. Hatutaahidi mitaa ya Nakuru kama Pipeline wala Free Area. Tutaahidi mashamba, vichochoro vya udongo na alfajiri.

Machi, katikati

Komando aliugua homa, fizi zikapauka. Kupe. Binti aliwahi kuitambua na dawa ikafanya kazi, lakini mazoezi yake yamesimama. Kuanzia sasa mbwa wanakaguliwa kila jioni, masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa tunaiandika kwenye ukurasa wa mbele kabisa. Mbwa anayewekwa mbele ya umati lazima awe amechanjwa, hilo halina mjadala.

Machi, mwishoni

Leo naandika kwa urefu, kwa sababu tumefika mahali ninapopahesabu kuwa kiini cha mradi.

Komando amepona. Amefundishwa kunusa kitambaa, kisha kupita safu ya masanduku ya mbao na kukaa mbele ya lile lenye kitambaa cha mtu yule yule. Amekuwa akifaulu vizuri mno. Afande hakuwa na raha. Akaniita kando, akaniomba nimwambie kijana kwamba kitambaa kiko sanduku la tatu. Sanduku la tatu halikuwa na kitu. Hakuna sanduku lililokuwa na kitu. Kijana angeelezwa kila kitu mara baada ya zoezi, na alielezwa.

Komando alipita la kwanza, akapita la pili, akafika la tatu, akainua macho, akakaa.

Binti alikuwa amerekodi kwa simu. Tuliketi wote kwenye kivuli cha banda tukatazama. Mara ya kwanza hatukuona kitu. Afande akasema tumwache mbwa, tumtazame mtu. Ndipo ikaonekana: akikaribia sanduku la tatu, kijana anafupisha hatua. Kamba inalegea kidogo. Na mkono wake wa kulia unaanza kushuka kuelekea mfuko wenye vipande vya ini, kabla mbwa hajafanya lolote.

"Afande, lakini mimi sikumwambia kitu," kijana alisema.

"Kwa mdomo hukumwambia, kijana wangu. Wala hukukusudia. Ndiyo maana nataka uone ukiwa mchanga katika kazi hii."

Jambo hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na farasi huko Berlin aliyeitwa Hans, aliyesifiwa kwa kujua hesabu. Alijibu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alikuwa akisoma mwili wa muulizaji: kichwa kinachoinama, mkazo unaolegea jibu likifika. Muulizaji asipojua jibu, farasi naye hajui. Na mwaka 2011, watafiti wa University of California, Davis, walichapisha jaribio la waongozaji 18 na mbwa wao wa kutafuta dawa za kulevya na vilipuzi. Vyumba havikuwa na dawa wala kilipuzi. Waongozaji waliambiwa kwamba huenda kuna kitu, na kwamba karatasi nyekundu inaonyesha kilipo. Katika upekuzi 144, ni 21 tu uliokwisha bila mwongozaji kutangaza kwamba mbwa ameonyesha, yaani ametoa ishara ya kupata kitu. Jumla ya ishara zisizo na kitu nyuma yake ilikuwa 225. Na walikuwa watu wenye vyeti, na mbwa wenye vyeti.

Nimelifikiria hili siku kadhaa. Watu wakizungumza juu ya mbwa wa polisi huuliza kama pua yake ni ya kuaminika. Pua ni ya kuaminika. Mbwa mwenyewe pia hana hila. Hajui kesi, hajui ukabila, hajui nani ana deni na nani. Lakini amelelewa miaka mingi asome uso na bega la mtu anayempenda, na anataka kumfurahisha. Mwongozaji akiwa tayari ana mshukiwa kichwani, mbwa anaweza kumpa mshukiwa huyo. Kisha jambo hilo linaandikwa kama ushahidi uliotoka kwa mnyama asiye na upendeleo, na mtu analala rumande. Hiyo ndiyo sababu ya ile sehemu ya "nani alijua".

Tumebadilisha utaratibu wote wa mazoezi. Anayeficha ni mtu wa nje, anachagua sanduku kwa kura, na akimaliza anaondoka asionekane na mbwa wala mwongozaji. Safu tupu kabisa zinachanganywa humo bila taarifa, na mbwa akizipita zote bila kukaa analipwa sawasawa na aliyepata. Mwongozaji anatangaza kwa sauti "ameonyesha" au "hajaonyesha" kabla mtu yeyote hajafungua sanduku. Vipande vya ini vimehamishiwa mfuko wa nyuma. Matokeo ya Komando yameshuka. Yanaanza kupanda tena, na safari hii nayaamini.

Aprili, mwanzoni

Mvua imeanza. Manyunyu ya usiku yanatusaidia, udongo wenye unyevu unaishika harufu. Mvua kubwa ya jioni inaiosha, na hatuna la kufanya. Umande wa alfajiri ndio bora kuliko vyote.

Tulipanda pia Menengai, kwenye vichaka vya leleshwa. Vijana walihofia harufu ya majani yale, maana ukiyasugua kidogo kichwa kizima kinajaa. Nyota hakujali. Harufu iliyo kali kwetu haimfuniki anachokitafuta, anazitenga. Kilichomsumbua ni mawe makali ya volkeno. Tumenunua viatu vya ngozi vya mbwa, anavichukia, tutavizoesha nyumbani kwanza.

Aprili, mwishoni

Wito wa kwanza wa kweli, kutoka kituoni. Mtamba ameibiwa usiku, mwenyewe amegundua alfajiri. Tulipofika jua lilikuwa limechomoza kidogo. Na pale kwenye lango la zizi, karai limefunikwa juu ya alama moja ya gumboti. Nilitaka kumkumbatia yule mama.

Nyota alianza vizuri, pua chini, kamba imekaza. Polisi wawili nyuma yetu, na nyuma ya polisi watu, na watu wakazidi kuwa wengi. Njia ilipita mbele ya boma la kijana mmoja ambaye jina lake lilikuwa limeshatajwa tangu tulipofika. Kwenye nguzo ya lango lake Nyota akasimama akanusa.

"Ni hapa!" mtu akapiga kelele. Wengine wakaitikia. Nikaona mzee mmoja ameokota jiwe.

Mbwa anaponusa mkojo wa mbwa mwenzake hafanani na mbwa aliye kazini. Kichwa kinakaa pembeni, mdomo unatulia, mkia unalegea. Binti alikuwa anaujua mwili wa Nyota, na alisema kwa sauti ya juu kabisa, mara moja, vile tulivyofundishwa: "Hajaonyesha!" Akamwambia Nyota aendelee, na Nyota akaendelea. Mmoja wa polisi akageuka, akaukabili umati, akauzuia pale pale. Njia ikatupeleka mita 600 hivi zaidi hadi barabara ya marram, na hapo ikakatika. Nyota alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Ukingoni kulikuwa na alama za magurudumu pacha ya nyuma, na majani yamelaliana mahali mnyama alipopandishwa. Polisi walipiga picha. Mtamba hajapatikana mpaka ninapoandika.

Jioni yule kijana wa lango alikuja bandani kwetu. Alisimama mbali kidogo. "Dada, naomba kujua mbwa alisema nini juu yangu."

Nilimfungulia ukurasa nikamsomea: saa, mahali, lango, "amenusa nguzo, hajaonyesha, ameendelea." Akaomba asome mwenyewe. Akasoma mara mbili.

Sisi hapa tunajua vizuri jinsi mtu anavyopigwa kiberiti kwa kuitwa mwizi, kabla ya polisi, kabla ya hakimu, kabla ya yeye kufungua mdomo. Mbwa anayetembea mbele ya umati wenye hasira ana uwezo wa kuua kwa kusimama tu mahali pasipofaa. Nimeandikia kituo mapendekezo yetu, na mkuu wa kituo ameyakubali: umati uzuiwe mbali kabla mbwa hajaanza, mzee wa kijiji ahusishwe katika kuwatuliza watu, mwongozaji ampe afisa ishara kwa faragha, na neno lolote juu ya mbwa lisitangazwe njiani. "Hajaonyesha" pekee ndilo linalosemwa kwa sauti, maana hilo linaokoa.

Mei

Kisumu, siku chache. Walinzi wa kampuni moja wanaofunza mbwa wa kukagua magari milangoni walitukaribisha. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko mita 1,100 na ushei, na mbwa aliyezoea baridi yetu anaihisi tofauti hiyo kwenye koo. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwili mzima. Anapoa kwa kuhema. Na akihema mdomo wazi, hanusi ipasavyo. Saa tano asubuhi Nyota alikuwa amekwisha kuwa abiria tu. Tumeandika kama kanuni: Kisumu, kazi kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi na moja jioni, maji kila mapumziko, na kipimajoto ndani ya begi. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41 ni hatari ya maisha.

Kwa wenyeji wetu nilipenda kitu kimoja. Mbwa wao wa vilipuzi anaonyesha kwa kukaa kimya na kukazia macho, hakwaruzi, hagusi, kwa sababu ambayo kila mtu anaielewa. Sisi nasi tumeamua ishara za mbwa wetu wote ziwe za utulivu. Komando akikaa, mtu aliye karibu haogopi, na umati hauna cha kushangilia.

Tukasimuliana pia kazi ya Mombasa bandarini, ambako mbwa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hutafuta pembe za ndovu. Huko imejaribiwa njia ya kufyonza hewa kutoka ndani ya kontena na kuipitisha kwenye vichujio, kisha mbwa ananusishwa vichujio mahali pa utulivu. Mbwa hachoki juani, na anayemshika hana namna ya kujua kichujio kipi kimetoka kwenye kontena linaloshukiwa. Hilo la pili lilinigusa zaidi.

Mchana mmoja Dunga, ufukoni mwa Kisumu, upepo ukitoka ziwani kuja nchi kavu kama kawaida ya mchana, mtu alijificha kwenye mafunjo. Nyota alianza kwenye nyayo, kisha ghafla akainua kichwa, akaziacha, akakata moja kwa moja hadi kwa mtu. Watu walipiga makofi. Ni kazi nzuri ya kumtafuta mtoto aliyepotea. Lakini nimeiandika ukurasa mwingine, kwa maana mwongozaji hawezi kuapa kwamba mbwa alifuata nyayo kutoka zizini hadi mlangoni ikiwa mbwa alifuata upepo.

Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuanzia mkakati wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Binti alikaa muda mrefu na wenyeji kulizungumzia, akarudi na mpango wa kuwachanjia majirani wetu wa Rongai mbwa wao siku ile ile tunayochanja wetu. Wafugaji wameshaukubali.

Juni, mwanzoni

Afisa kutoka kikosi cha mbwa alikuja kutuona, kwa ombi la kituo. Tulimwandalia zoezi, lakini kwanza aliomba daftari. Alikaa nalo kitambo, akiruka kurasa za ushindi na kusimama kwenye zile za kushindwa. Aliuliza kwa nini matokeo ya Komando yalianguka mwishoni mwa Machi. Kijana wa Bahati ndiye aliyejibu, wima, bila kumtazama Afande, akaeleza mkono, mfuko na sanduku la tatu. Yule afisa aliandika kitu kwenye kitabu chake, akamshika mkono.

Maoni yake ni haya. Nyota ni mzuri kwenye udongo na majani, lakini nyayo zetu nyingi ni changa mno. Anataka zilizolala saa sita na zaidi, na zinazovuka lami, angalau barabara ile ya Salgaa mahali ambapo ni salama kuvuka. Komando aache kufuata nyayo, hana subira nazo, afanywe wa kutafuta vitu vilivyotupwa: panga, kamba, simu, gumboti. Naafiki, na kijana anaafiki. Afande amesema alikuwa anasubiri tuone wenyewe.

Mahindi sasa yamefika kifuani. Ndani yake upepo haupiti, harufu inatuama kati ya mistari, na ndimo wezi hupitishia ng'ombe. Jumatatu tunaanza na shamba la jirani, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa nyayo za usiku uliotangulia. Ataziweka mtu aliyechaguliwa na mama wa karai, na mpaka zoezi liishe hakuna yeyote kati yetu atakayejua aliingilia mstari gani.